Anwani Moja, Watu Mia: Nambari za IP Kutoka Pwani Hadi Obunga

Obunga, mtaa wa Kisumu unaosifika kwa akina mama wanaokaanga mgongo wazi, uko mbali na bahari yetu. Hata hivyo, intaneti anayotumia kijana wa pale kwa sehemu kubwa hupitia hapa kwetu. Nyaya za SEACOM na TEAMS zilitia nanga Mombasa mwaka 2009, na kutoka hapa mawasiliano hupanda bara hadi ziwani, kama ilivyofanya reli iliyofika Kisumu mwaka 1901.

Sasa tujiulize. Barua pepe ikitoka Uingereza, inajuaje kwenda Obunga na isiishie Mji wa Kale Mombasa? Jibu ni anwani ya IP.

Anwani hiyo ni nambari nne zilizotengwa kwa nukta, kwa mfano 192.168.1.10. Kila nambari huanzia 0 na kukomea 255. Kompyuta huhesabu kwa sifuri na moja tu, na kila nambari kati ya hizo nne imepewa nafasi nane za sifuri na moja, yaani biti nane, zinazotoa michanganyiko 256. Jumla ni biti 32, na anwani zote zinazowezekana ni 4,294,967,296.

Anwani ina sehemu mbili: mtaa na nyumba. Chukulia saiba ya kompyuta sita pale Obunga. Zote zinaanza na 192.168.1, huo ndio mtaa. Nambari ya mwisho ndiyo nyumba: 10, 11, 12 na kuendelea. Kinachoonyesha mtaa unaishia wapi ni ile nambari 255.255.255.0 unayoiona kwenye mipangilio. Penye 255 ni mtaa, penye 0 ni nyumba. Ruta, ambayo mara nyingi ni 192.168.1.1, ndiyo mlango wa kutokea nje, na ndiyo inayogawa anwani kwa kila chombo kinachoingia. Ukiona simu au kompyuta yako ina anwani inayoanza na 169.254, jua haikupewa anwani na ruta, ikajipa yenyewe. Anzia kutafuta tatizo hapo.

Msomaji atasema, mbona hata nyumbani kwangu Kisauni ni 192.168.1? Ni kweli. Anwani zinazoanza na 192.168, na 10, na zile za 172.16 hadi 172.31 zilitengwa kwa matumizi ya ndani, katika utaratibu uliochapishwa mwaka 1996. Yeyote anaweza kuzitumia, lakini hazitoki nje ya ukuta. Huko nje, saiba nzima huonekana kwa anwani moja ya umma.

Wenye umri wangu wanakumbuka sanduku la posta la shule. Wanafunzi mia tano, sanduku moja. Barua zote zilifika pale, kisha karani akazigawa kwa majina. Ruta ndiyo karani huyo. Hukumbuka nani aliomba nini, jibu likija humpelekea mwenyewe. Kampuni nyingi za simu nazo hufanya hivyo hivyo: maelfu ya wateja nyuma ya anwani chache.

Hufanya hivyo kwa sababu anwani ni haba. Akiba kuu ya dunia iligawiwa mafungu ya mwisho tarehe 3 Februari 2011. Kwetu Afrika mgawaji ni AFRINIC, yenye makao Ebene, Mauritius. Tangu Januari 2020 imo katika awamu ya mwisho, ambapo mwombaji hupewa anwani zisizozidi 1,024 kwa mara moja. Shirika hilo pia limeandamwa na kesi kuhusu anwani, na mwaka 2023 mahakama ikaliweka chini ya msimamizi.

Dawa ipo: IPv6, yenye biti 128, ambayo ingempa kila mtu na kila chombo anwani yake bila kubanana. Lakini kampuni zisipohama, raia hataipata.

Na hapa ndipo uhaba unapomgusa mnyonge. Samaki mmoja akioza, huoza wote. Mteja mmoja wa saiba akituma barua za utapeli, tovuti hufungia anwani ile, na mwanafunzi aliyekaa kiti cha pili hushindwa kutuma maombi yake ya chuo. Kubwa zaidi, Kenya ina sheria ya makosa ya kompyuta tangu 2018. Anwani ya IP inaweza kuonyesha mteja gani wa kampuni, na saa ngapi. Haionyeshi kidole kilichobonyeza. Kumshika mwenye saiba, au kijana wa jirani anayetumia waifai ya mtaa, kwa nambari hiyo peke yake ni kumhukumu shule nzima kwa sababu ya sanduku lake la posta.

Kwa hivyo, mwenye saiba, awe Obunga au Likoni, abadilishe nywila ya ruta iliyotoka nayo kiwandani, atenganishe mtandao wa wateja na wa kazi zake, na aweke daftari la nani alikaa wapi na saa ngapi, kisha alitunze kwa siri. Na wachunguzi wakija na nambari, waulizwe kwanza: ni ya saa ngapi, na nyuma yake walikuwako watu wangapi?