Kifo hakipekuliwi: maana na matumizi ya neno ‘upekuzi’

NENO ‘upekuzi’ limepata umaarufu mkubwa katika vyombo vya habari nchini. Tunasikia ‘habari za upekuzi’, ‘mwanahabari mpekuzi’ na, siku hizi, hata ‘polisi wanapekua chanzo cha kifo’. Mawili ya kwanza sina neno nayo. Hilo la tatu ndilo lililonisukuma kuandika.

Kitenzi ‘pekua’ kina picha ndani yake. Kuku anapochakura jaani akitafuta punje au mdudu, anapekua: anatupa taka huku na kule ili akifikie kilichofunikwa. Kupekua, basi, ni kutafuta kwa kufunua na kupindua kimoja baada ya kingine. Mama akiuliza, “Nani amepekua begi langu?” halalamiki kwamba begi limetazamwa, kinachomuudhi ni kwamba vilivyomo vimefukuliwa. Askari wa mlangoni anayekupapasa mifukoni naye anakupekua, ingawa mitaani tunasema ‘ananisachi’.

Kwa hivyo, kinachopekuliwa ni mahali au kitu kinachoweza kuficha kingine: nyumba, kabati, faili, simu. Kifo hakipekuliwi. Chanzo cha kifo huchunguzwa, na katika kukichunguza, polisi wanaweza kupekua chumba cha marehemu.

Tofauti hii ina uzito. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha, ikiwemo haki ya kutopekuliwa mwili, nyumba au mali yake. Mtu anaweza kuchunguzwa mwaka mzima pasi na kitu chake hata kimoja kuguswa. Gazeti likiandika kwamba ‘amepekuliwa’, msomaji ataamini kwamba maafisa walimwingilia nyumbani, na jina lake litakuwa limeshachafuka.

Mbona basi nakubali ‘habari za upekuzi’? Kwa sababu mwanahabari wa aina hiyo hufukua stakabadhi, risiti na kumbukumbu ambazo mwenyewe angependa zibaki zimefunikwa. Anayewapigia simu maafisa wawili na kuandika walivyojibu hajapekua kitu; amedadisi tu, tena kidogo. Na anayefanya kazi yake kwa siri, akijificha asijulikane, huyo anapeleleza.

Wanafunzi hunitatiza kwa swali moja: hiyo ‘z’ ya ‘mpekuzi’ inatoka wapi? Tazama kauli ya kutendwa, ‘pekuliwa’. Sauti ‘l’ isiyosikika katika ‘pekua’ hujitokeza hapo, na mbele ya kiishio ‘-i’ hugeuka ‘z’. Ndivyo ilivyo kwa nunua, nunuliwa, mnunuzi. Na chagua, chaguliwa, uchaguzi. ‘Mpekuaji’ pia si kosa.

Ila uangalie unamwita nani ‘mpekuzi’. Katika chumba cha habari hiyo ni sifa. Kwa majirani, ni yule anayejua kilichopikwa kwenu kabla hamjapakua.