Sadaka ya mti haimaliziki siku ya kuupanda

SIFA zote njema anazistahiki Allah (S.W.), anayeteremsha mvua na kuihuisha ardhi iliyokufa. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu msomaji, kila inapokaribia masika au vuli, miji yetu hushuhudia shughuli iliyo njema. Viongozi, walimu wa madrasa, wanafunzi na wakazi wa mitaa hukusanyika kando ya barabara, uwanjani au nje ya msikiti wakiwa na majembe na miche. Hotuba hutolewa, picha hupigwa, dua huombwa, na miche hufukiwa katika mashimo yaliyokwisha kuchimbwa. Miezi michache baadaye, jua likiwa limepamba moto, mpita njia huviona vijiti vikavu na fito zilizolala, na mbuzi amekwisha kumalizia majani yaliyosalia. Mwaka unaofuata watu hukusanyika tena, pengine kwenye mashimo yale yale.

Kwamba kupanda mti kuna thawabu, hilo Waislamu wengi wanalijua. Linalohitaji kuulizwa ni hili: siku ya mia moja tangu kupandwa, ni nani anayelipia maji?

Kivuli ni haki ya watu

Katika hadithi aliyoipokea Anas bin Malik (R.A.) na kuthibitishwa na Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba Muislamu apandapo mti au mmea, kisha akala humo mwanadamu, ndege au mnyama, huandikiwa kuwa ni sadaka yake. Nia njema ina malipo yake mbele ya Mola. Hata hivyo, tuzingatie kuwa sadaka inayotajwa hapa inaambatana na manufaa yanayofika kwa viumbe. Mche uliokauka haumpi ndege tunda wala msafiri kivuli.

Katika hadithi nyingine iliyomo ndani ya Sahihi Muslim, Mtume (S.A.W.) amewaonya watu dhidi ya kujisaidia katika njia ipitwayo na watu au katika kivuli chao. Wanazuoni wameliweka onyo hili katika mlango wa twahara, lakini ndani yake mna funzo la ujirani pia: kivuli cha mahali pa watu wote kina heshima yake, na anayekiharibu anawadhulumu wengi. Ikiwa kukichafua ni kosa, basi kukiotesha na kukitunza ni wema unaowafikia wengi vilevile.

Na Bibi Aisha (R.A.) amepokea kwamba amali aipendayo zaidi Allah ni ile inayodumu, hata ikiwa ndogo. Anayemwagilia miche mitano kwa miaka mitatu yuko karibu zaidi na mafundisho haya kuliko anayepanda miche mia tano asubuhi moja na kuiacha.

Funzo la Kamukunji

Tarehe 5 Juni 1977, Siku ya Mazingira Duniani, Profesa Wangari Maathai na wenzake walipanda miche saba katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi. Hapo ndipo ilipoanzia harakati iliyokuja kujulikana kwa jina la Green Belt Movement, ambayo hadi leo imehusika na upandaji wa makumi ya mamilioni ya miti nchini Kenya. Si miche yote saba ya siku ile iliyostawi. Uwanja ni mali ya watu wote, na mali ya watu wote mara nyingi huwa haina mlinzi.

Harakati hiyo ilipopanuka kwenda kwa akina mama wa vijijini, ilijengwa juu ya utaratibu wenye busara kubwa. Kina mama walioanzisha vitalu walipewa malipo madogo kwa miche iliyoshika na kustawi baada ya kupandwa. Fedha ilifuata uhai wa mche. Aliyepanda alikuwa na sababu ya kurudi kesho kuutazama, kuuwekea matandazo na kumfukuza mbuzi. Mwaka 2004 Profesa Maathai alitunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel, akiwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Alifariki dunia mwaka 2011, na utaratibu wake ungali na la kutufunza.

Tarehe 13 Novemba 2023, Serikali ya Kenya ilitangaza sikukuu ya mapumziko ili wananchi wapande miti, katika azma ya kufikisha miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Azma za namna hii ni za kupongezwa. Lakini idadi ya miche iliyopandwa ni hesabu ya siku moja. Iliyobaki hai baada ya kiangazi mbili ndiyo hesabu ya kweli, na hiyo inahitaji mfuko wa fedha usiokauka.

Wakfu: mali inayozaa bila kuliwa

Uislamu umekuwa na jibu la tatizo hili tangu zama za Madina. Umar bin Khattab (R.A.) alipopata ardhi ya Khaybar, mali aliyoithamini kuliko zote, alimwendea Mtume (S.A.W.) kutaka shauri. Akaelekezwa aizuie asili yake na atoe matunda yake. Ardhi ile ikawa haiuzwi, hairithiwi wala haitolewi zawadi. Mapato yake yakawaendea mafukara, jamaa na wasafiri. Na msimamizi wake, ambaye wanazuoni humwita mutawalli, aliruhusiwa kula kwa kiasi cha wema.

Ruhusa hiyo ya mwisho ni muhimu kwa mada yetu. Wako wanaodhani kwamba kijana anayemwagilia bustani ya mtaa afanye hivyo bure kwa kuwa ni kazi ya kheri. Kumlipa kwa haki mtumishi wa wakfu hakuipunguzii kheri hiyo chochote. Kunailinda isife.

Mji wa Cairo ulilitumia jambo hili kwa karne nyingi. Matajiri na watawala walijenga visima vya hisani vya kunywesha wapita njia, vikiitwa sabili, na juu yake mara nyingi wakaweka chuo cha watoto cha Qur'ani. Ile iliyojengwa na Abd al-Rahman Katkhuda mwaka 1744 ingali imesimama. Muasisi hakuishia kwenye mawe na marumaru. Majengo ya namna hii yaliwekewa maduka, nyumba au mashamba ambayo kodi yake ililipa gharama za maji, za mwalimu na za matengenezo.

Katika mji huo huo kuna mfano wa zama zetu. Bustani ya Al-Azhar, yenye ukubwa wa hekta 30, ilifunguliwa rasmi mwaka 2005 juu ya kilima kilichokuwa jalala kwa takriban miaka 500. Aga Khan aliitangaza nia ya kuujengea mji huo bustani mwaka 1984, na taasisi yake ya utamaduni ndiyo iliyogharimia kazi hiyo. Zaidi ya mita za ujazo milioni moja na nusu za kifusi na udongo zilihamishwa. Bustani hiyo si wakfu kwa maana ya kisheria, lakini imefuata busara ile ile: wageni hulipa kiingilio, migahawa iliyomo huingiza mapato, na fedha hizo husaidia kulipa watunza miti na maji. Aliyejenga alifikiria pia mwaka wa kumi.

Karibu na nyumbani tunayo Forodhani ya Unguja, inayokabiliana na Ngome Kongwe na Beit al-Ajaib. Ilitandazwa mwaka 1936 kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sultani Khalifa bin Harub, ikachakaa kadiri miaka ilivyokwenda, kisha ikakarabatiwa na taasisi hiyo hiyo kwa makubaliano na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar na kufunguliwa upya mwaka 2009. Ilipata taa, mifereji ya maji, njia za kupita na mahali pa watoto kuchezea. Kila jioni wauzaji wa vyakula hupata riziki zao hapo, na familia hupunga upepo bila kulipa kiingilio. Penye bustani iliyotunzwa pana riziki, na ni haki kwamba anayepata riziki kwa sababu ya kivuli achangie uhai wa kivuli hicho.

Fedha zitoke fungu lipi?

Waislamu wengi huuliza kama zaka inaweza kutumika kwa kazi hii. Mafungu ya zaka ni manane, nayo yametajwa katika aya ya 60 ya Surat Tawba. Kauli ya wanazuoni walio wengi ni kwamba fedha za zaka haziendi kwenye kazi kama ujenzi wa barabara, misikiti au bustani, kwa kuwa kuna mafukara na masikini ambao haki yao imeainishwa. Baadhi ya wanazuoni wa zama hizi wamelipanua fungu la "katika njia ya Allah", lakini mwenye kutaka salama ya dini yake aiache zaka ikae mahali pake na amuulize sheikh anayemwamini.

Sadaka ya hiari na wakfu ndiyo milango iliyo wazi. Saad bin Ubada (R.A.) alifiwa na mama yake yeye akiwa hayupo. Akamuuliza Mtume (S.A.W.) kama sadaka atakayoitoa kwa niaba yake itamfaa. Alipojibiwa kuwa itamfaa, aliitoa bustani yake kuwa sadaka ya mama yake. Ni familia ngapi miongoni mwetu zinazotumia fedha nyingi kwa karamu za msiba, na zingeweza kumuwekea marehemu mzee wao mwembe mmoja pamoja na gharama za kuutunza?

Hesabu ya mtaa mmoja

Tuchukue mfano, na kila mtaa uweke bei za kwake. Mtaa una familia 60, kila moja ikatoa shilingi 500 kwa wiki. Kwa mwaka zitapatikana shilingi 1,560,000. Wanataka kupanda miti 40. Miche kwa shilingi 2,000 kila mmoja ni 80,000. Vizimba vya kuikinga na mbuzi kwa 5,000 kila kimoja ni 200,000. Kila mche ukipewa ndoo moja ya lita 20 mara mbili kwa wiki, zitahitajika ndoo 80. Kwa shilingi 100 kila ndoo, ni 8,000 kwa wiki, na kwa wiki 26 za kiangazi ni 208,000. Kijana wa kumwagilia na kupalilia akilipwa 15,000 kwa wiki, ni 780,000 kwa mwaka.

Jumla ni shilingi 1,268,000, na hubaki 292,000 za kufidia miche iliyokufa na kununua vifaa. Tazama sasa: miche yenyewe, ambayo ndiyo hutafutiwa wafadhili na kupigiwa picha, imechukua chini ya shilingi 7 katika kila 100. Zilizobaki zote ni za ulinzi, maji na mikono ya mtu. Mradi unaopata fedha za miche peke yake umepata sehemu ndogo mno ya unachohitaji.

Miti ikishashusha mizizi, gharama hupungua. Hapo ndipo ziada ikusanywe kwa ajili ya kuwekea wakfu, japo fremu moja ya duka au minazi kumi, ili kodi au mavuno yake yaitunze bustani baada ya wachangaji wa kwanza kuondoka duniani. Nchini Kenya na Zanzibar kuna taasisi za kisheria zinazosimamia mali za wakfu. Sharti la mtoaji liandikwe, mashahidi wawepo, na hesabu isomwe hadharani kila baada ya miezi mitatu, kwani amana isiyosomewa hesabu huzaa minong'ono.

Kuna mambo mengine ya kuzingatiwa. Kibali cha manispaa au mwenye ardhi kitangulie, maana hakuna sadaka katika kilicho cha mtu mwingine. Mti usiwekwe mahali ambapo mizizi yake itavunja mfereji wa jirani au matawi yake kuwaziba macho madereva, kwa kuwa dini yetu imekataza kudhuru na kudhuriana. Mwarobaini na mkungu hustahimili jua la pwani. Asumini na mirehani hupendezesha na kunukia, lakini zinataka mkono wa karibu. Na misikiti yenye mahali pa kutawadhia inaweza kuchimba mfereji mdogo ukayapeleka maji ya udhu kwenye miti badala ya kuyaacha yatuame uani.

Tusisahau pia ikhlasi. Kibao chenye jina la mfadhili si haramu, lakini kibao kikiwa kirefu kuliko mti, mwenye mti na ajihoji.

Ewe baba, ewe mama, Ijumaa hii baada ya swala, kaeni na watoto wenu mchague mche mmoja ulio nje, kwenye njia ya watu, na mgawane siku za kuumwagilia. Mtoto aliyebeba ndoo kwa ajili ya mti hatauvunja mti wa mwenziwe. Tunamuomba Allah (S.W.) atujaalie miongoni mwa wanaoanza kheri na kuidumisha, na azijaalie sadaka zetu zinufaishe viumbe wake tukiwa hai na baada ya kufa kwetu. Amin.

Wallahu a'lam.