Kabla ya kupanda zabibu, jua itatoa mvinyo gani

MKULIMA wa alizeti mkoani Dodoma akiona bei haimridhishi anaweza kuweka magunia ndani akasubiri. Mkulima wa zabibu hana nafasi hiyo. Zikishaiva zina siku chache tu za kuvunwa, na zikishakatwa huanza kuharibika. Ndiyo maana kumekuwa na misimu ambayo wakulima wameuza kwa bei ya hasara, au zabibu zimeozea shambani.

Wengi huvilaumu viwanda. Hata hivyo, sehemu ya jibu huamuliwa siku ya kupanda. Aina ya zabibu ndiyo inayoamua mvinyo, na mvinyo ndio unaoamua mnunuzi. Mzabibu huishi miaka mingi, hivyo aliyekosea aina hawezi kubadili msimu unaofuata kama afanyavyo wa karanga.

Zao hili lililetwa Dodoma na wamisionari Wakatoliki kutoka Italia, na Bihawana ikawa miongoni mwa vituo vya mwanzo. Baadaye ilikuja kampuni ya umma ya DOWICO, na ilipoanguka wakajitokeza wanunuzi binafsi. Utafiti hufanyika katika kituo cha Makutupora, kilicho chini ya TARI.

Aina na mvinyo wake

Makutupora, iliyopewa jina la mahali hapo, ni zabibu nyekundu inayolimwa sana na wakulima wadogo. Hutoa mvinyo mwekundu mkavu, yaani usiobakiwa na sukari, na pia ule mtamu unaopendwa na wanywaji wengi wa ndani.

Chenin Blanc asili yake ni bonde la mto Loire, Ufaransa. Hutoa mvinyo mweupe, na sifa yake kubwa ni kubaki na uchachu hata kwenye joto. Zabibu isiyo na uchachu wa kutosha hutoa mvinyo uliopooza mdomoni.

Syrah hutoka bonde la Rhône, nako ni Ufaransa. Ni nyeusi, na mvinyo wake ni mzito wenye harufu inayokumbusha pilipili manga. Aglianico hutoka kusini mwa Italia na huchelewa kuiva. Hizi huwafaa wenye viwanda wanaotafuta mvinyo mwekundu mkavu wa hoteli na migahawa.

Zabibu za mezani zina soko lake: huuzwa zikiwa fresh barabarani na sokoni, na mteja hutazama ukubwa na utamu wa punje.

Jua moja, mavuno mawili

Kusini mwa Ufaransa, mikoa ya Languedoc na Roussillon ina jua kali na ukame kama Dodoma. Lakini huko baridi hulaza mizabibu, nao huvuna mara moja kwa mwaka. Dodoma, iliyo mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari, haina baridi ya namna hiyo. Mkulima huuamsha mzabibu kwa kuupogolea, akavuna mara mbili, kwa kawaida Februari hadi Machi na Agosti hadi Septemba. Mavuno ya masika husumbuliwa zaidi na ubwiri. Ya kiangazi huwa safi zaidi.

Jua huongeza sukari, na sukari ndiyo inayogeuka kilevi. Zabibu yenye sukari asilimia 22 hutoa mvinyo wa kilevi cha asilimia 12 hadi 13. Roussillon wamegeuza joto hilo kuwa biashara: mvinyo ukiwa bado unachachuka, huongezewa pombe kali ya zabibu, uchachukaji husimama na utamu hubaki. Ndivyo zinavyotengenezwa Banyuls na Maury.

Somo la Languedoc

Wakulima wa Languedoc nao walilia. Mwaka 1907 maelfu waliandamana kwa sababu bei ilikuwa imeanguka, huku mvinyo wa kughushi wa maji na sukari ukijaa sokoni. Sheria dhidi ya udanganyifu ilipitishwa. Lakini kilichodumu zaidi ni ushirika: kijiji cha Maraussan kilikuwa kimeanza wa kwake mwaka 1901, wakulima wakiuza mvinyo wao kwa pamoja.

Dodoma njia hiyo imeanza. Vipo vikundi vinavyokamua mchuzi wa zabibu na kuuhifadhi kwenye matangi hadi mnunuzi apatikane. Tani moja hutoa mchuzi wa lita 600 hadi 700, na mchuzi uliotunzwa vizuri unaweza kusubiri bei. Nayo sheria ya ushuru wa bidhaa imeutoza kiwango cha chini mvinyo wenye zabibu za ndani zaidi ya asilimia 75, ili kiwanda kione faida ya kununua kwa mkulima.

Kwa anayetaka kuanza, hatua ya kwanza ni kumuuliza mnunuzi anahitaji aina gani na sukari kiasi gani, ndipo atafute pingili zisizo na magonjwa. Mwenye shamba tayari ajiunge na wenzake wenye tangi, apime sukari kabla ya kukata, avune asubuhi na kufikisha siku hiyohiyo. Soko la zabibu hutafutwa kabla ya mavuno, si baada yake.