Boti Ndogo, Meli Kubwa: Somo la Kusoma Kutoka Kivukoni

Mara nyingi pantoni hulazimika kusubiri kati ya Magogoni na Kigamboni ili kuipisha meli inayoingia au kutoka bandarini. Abiria wazima hutazama saa. Mtoto hutazama maji, kisha huuliza: “Mbona kale kaboti kanavuta limeli lote lile?” Wengi humwambia anyamaze. Hata hivyo, swali hilo ni mlango wa somo, hususan kwa watoto wa darasa la kwanza na la pili wanaojifunza stadi za Kusoma, Kuandika na Kuhesabu (KKK).

Kwa nini meli husaidiwa?

Meli hugeuzwa kwa usukani uliopo majini, nyuma ya rafadha. Usukani hutii pale maji yanapoupiga kwa nguvu. Meli inapopunguza mwendo ili iingie bandarini, nguvu hiyo hupungua na meli huwa ngumu kuigeuza. Aidha, meli haina breki kama gari. Ikiwa na shehena, yaweza kwenda zaidi ya kilometa moja kabla ya kusimama. Upepo nao huyasukuma makontena yaliyopangwa juu yake kana kwamba ni tanga.

Hapo ndipo boti ya kuvuta meli, yaani tagi, inapohitajika. Tagi ni fupi na pana, lakini injini yake ina nguvu kuliko umbo lake linavyodhihirisha. Tagi nyingi za siku hizi zina rafadha zinazozunguka pande zote, hivyo huweza kusukuma mbele, nyuma au ubavuni. Rubani wa bandari hupanda melini, humwelekeza nahodha na kuziagiza tagi kwa redio. Moja yaweza kufungwa kamba nene kwenye omo, yaani mbele, na nyingine kwenye tezi, yaani nyuma. Moja huvuta, nyingine huzuia, mpaka meli ifike gatini taratibu bila kugonga.

Ulimwengu uliona umuhimu wa boti hizi Machi 2021, meli ya Ever Given, yenye urefu wa mita 400, ilipokwama katika Mfereji wa Suez nchini Misri. Mamia ya meli zilisubiri. Baada ya siku sita za kuchimba mchanga na kungoja maji yajae, tagi zaidi ya kumi zilishirikiana kuinasua.

Namna ya kumfundisha mtoto

1. Mtazame meli pamoja, mkiwa mahali salama. Mtoto asiachwe kusogelea ukingo wa maji peke yake. Mwacheni aseme anachokiona kwa maneno yake.

2. Nyumbani, andikeni maneno kwa silabi: me-li, ta-gi, ga-ti, vu-ta, su-ku-ma. Neno ka-mba lifuate baadaye, kwa kuwa silabi “mba” ni ngumu zaidi kwa anayeanza.

3. Ungeni sentensi fupi: Meli ni kubwa. Tagi ni ndogo. Tagi inavuta meli. Meli inafika gatini. Mtoto asome huku akigusa kila neno kwa kidole.

4. Tumieni beseni la maji, chupa tupu ya plastiki na uzi. Mtoto aisukume chupa kwa kuipuliza, kisha aivute kwa uzi. Ataona upi mwendo unaoongozeka.

5. Mwulizeni: “Tagi isingekuwepo, meli ingepatwa na nini?”

Swali hili la mwisho lisirukwe. Mtoto anayetamka kila neno lakini hawezi kulijibu bado hajasoma, ametamka tu. Pengo hilo lisipoonekana mapema, humfuata hadi madarasa ya juu, ambako hesabu, sayansi na hata maelekezo ya mtihani huhitaji kuelewa kilichoandikwa.

Dakika kumi kwa siku zatosha kuanza. Mzazi au mlezi ambaye hajui kusoma naye anaweza kushiriki kwa kuuliza maswali na kusikiliza majibu. Ikiwa mtoto anaendelea kukwama katika silabi zile zile, inashauriwa kumwona mwalimu wake wa darasa mapema, bila kungoja matokeo ya mwisho wa mwaka.