Miti Mitatu na Mnyororo Mmoja

Siku tuliyobadilisha injini ya Hilux yangu uani kwangu, hapa Kondoa, mjomba alimaliza asubuhi nzima kwenye miti na kamba. Injini yenyewe aliigusa baada ya swala ya adhuhuri. Vijana wawili tuliowaita kusaidia walianza kununa: walikuja kunyanyua chuma, wakakabidhiwa majembe.

Gari hilo ndilo linalonibebea alizeti. Nilikuwa napandisha kwenda Bereku hozi ya rejeta ikapasuka, nami badala ya kuzima palepale nikaendelea kuendesha. Silinda hedi ikapata ufa. Injini ilikuwa 2L, dizeli ya sisi 2,446, na joto ndilo adui yake mkubwa. Mjomba akashauri tuweke 3L iliyotumika: ni ya ukoo uleule, ina sisi 2,779, na inakaa kwenye maunti zilezile bila kuchomelea kitu. Niliiagiza Gerezani, Dar es Salaam. Kulivuta gari bovu hadi Dodoma, kilomita zipatazo 160, kungekula faida yangu ya msimu, na winchi ya magurudumu ya kunyanyulia injini sikuipata hapa mjini.

Nilidhani jawabu liko uani: mkwaju mkubwa.

“Mjomba, si tufunge kwenye tawi lile?”

“Tawi lile ndani likoje, mama?”

Sikuwa na la kujibu. Mchwa hula tawi kutoka ndani, na nje linabaki zima machoni. Tena mnyororo uliobeba mzigo huchubua gome, na tawi likivuliwa gome mzunguko mzima hufa. Hilo kwa mjomba si dogo. Yeye ni wa kizazi kilichoona vilima vya Irangi vikiwa vipara, mvua ikichimba makorongo, mpaka mradi wa kuhifadhi ardhi wa HADO ulipoanza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoharibika zaidi ili nyasi na miti virudi. Mti aliouona ukirudi hawezi kuuchuna kwa ajili ya gari.

Nami nilikuwa na sababu yangu ya kumsikiliza. Miaka iliyopita, kwenye gereji moja, kamba ya katani ilikatika mbele ya macho yangu na injini ikashuka kama jiwe. Kijana aliyekuwa ameinama pale alikuwa ndiyo kwanza ametoka kufuata spana. Nikikumbuka, mwili bado unanisisimka.

Basi tukasimamisha nguzo tatu za mkaratusi, nene kama paja, zikiungana juu na kuachana chini. Ni hesabu ya mafiga: vitu vitatu hukaa imara hata ardhi isipokuwa sawa. Lakini nguzo zilizoinama zina tabia ya kutaka kuachana. Zikiinama nyuzi 30 kutoka wima, mzigo wa kilo 200 huisukuma kila nguzo kwenda nje kwa nguvu ya karibu kilo 40, na udongo wetu wa kichanga hauwezi kuizuia. Ndiyo maana ya majembe. Kila mguu ulichimbiwa shimo, ukawekewa jiwe bapa chini usizame, kisha miguu yote mitatu ikafungwa pamoja kwa kamba iliyokazwa, ili hata nguzo ikitaka kukimbia ivutwe na wenzake.

Juu tulining'iniza chenibloku ya tani moja, ya kuazima. Chombo hiki nakipenda. Unavuta mita nyingi za mnyororo wa mkono, mzigo unapanda kidogo tu. Unalipa kwa urefu kile usichoweza kulipa kwa nguvu. Na ukiachia, breki yake inaushikilia mzigo palepale. Kamba haina fadhila hiyo.

Mjomba alirudia kufunga mnyororo wa kwenye injini mara tatu. Tulikadiria injini ni kilo 200 na ushee. Pande mbili za mnyororo zikikaa karibu na wima, kila upande unabeba nusu. Ukizitanua mpaka ziachane kwa nyuzi 120, kila upande unabeba kilo 200 zote, na mnyororo uleule uliokuwa salama unaweza kukatika. Kabla ya siku ile sikulijua hilo, na naamini wengi wanaofunga mizigo hawalijui.

Kufungua kulikwenda haraka: betri kwanza, kisha maji, oili, boneti, rejeta, waya, mipira ya dizeli, bomba la moshi. Kila waya ulifungwa kipande cha kanga, na jozi yake ikafungwa pale ulipotoka. Gia boksi iliachwa ndani, imeegemezwa kwa jeki na gogo.

Kisha injini ikapanda, pua juu kidogo, polepole, na hakuna aliyeruhusiwa kupitisha hata mkono chini yake. Hapo ndipo nilipoona akili ya mzee. Injini ikiwa inaning'inia haikuhamishwa popote. Gari ndilo lililosukumwa nyuma, nguzo zikabaki zimesimama, na injini ikashushwa juu ya tairi kuukuu. Mpya iliingia kwa njia hiyo hiyo, kinyumenyume.

Jua lilikuwa linazama tulipotoa hewa kwenye mfumo wa dizeli kwa pampu ndogo ya juu ya filta. Ilizungushwa mara mbili haikushika. Ya tatu ikakohoa moshi mweupe, ikanguruma, na mimi nikajikuta nalia.

Kilichobaki ni kadi ya gari, kwa sababu ina namba ya injini ya zamani na lazima mamlaka ya mapato, TRA, wairekebishe. Nguzo zimelala kando ya ukuta. Jirani mwenye Canter amekwisha kuja kuziazima, na mjomba amemrudisha nyumbani akaulizie kwanza injini yake ina kilo ngapi.