Kwa nini wakubwa wanavuta?

Kijana, unaona mutu mukubwa mwenye akili anavuta, na unajiuliza: sababu gani? Usifikiri sababu ni moja maisha yote.

Kwa miaka 16 anavuta kwa kuwa wenzake wanavuta. Anataka aonekane mwanaume. Kwa miaka 30, ni kazi. Huko Kolwezi au Kambove, wenye kuchimba kwa mikono wanashuka mu shimo ambalo udongo wake unaweza kuanguka saa yoyote. Wengine wanavuta bangi kwanza, ili woga uishe. Unaisha, kweli, lakini woga ule njo unaomwambia mutu atoke mbio jiwe likianza kulia! Tena moshi ukikutana na vumbi la mawe, mapafu yanaumia zaidi.

Kwa miaka 60 ameacha shimo, sigara hajaiacha. Hatafuti tena ujasiri wala furaha. Nikotini ikipungua mu damu, kisha saa chache tu anakasirika, usingizi unakimbia. Anavuta ili asisikie vibaya, basi.

Kwa hiyo, mama, kumutukana muzee hakusaidii. Akijaribu kuacha, wiki ya kwanza njo ngumu: muvumilie hasira yake, na usitume mutoto kununua sigara.