Uvimbe wa Titi Unaorudi
Akina mama wa Chapwa, uvimbe mgumu wa titi usiishie kukandwa maji ya moto. Mwaka 1972 madaktari Kessler na Wolloch walieleza ugonjwa wa nadra, uwapatao hasa mama waliozaa miaka michache nyuma. Hufanana mno na saratani, tena na kifua kikuu cha titi. Ndiyo maana hukatwa kipande kidogo cha nyama kikapimwe. Wakikuandikia kwenda Mbeya, nenda! Dawa inayoutuliza humwongezea nguvu kifua kikuu, kama ndicho kilichopo. Matibabu huchukua miezi. Hupoa, kisha huweza kurudi. Nani utamrudia, hakuna daktari awezaye kutabiri kwa hakika. Aliyepona atunze cheti, arudi kuangaliwa, na baba asinung'unikie nauli.